Orodha ya Mkate na Soda

Swali lenyewe Jescah Osiako aliliandika kwa mkono, ameketi jikoni karibu na moto, kwa sababu Zeituni alikuwa huko naye alitaka Zeituni alisikie kabla ya Spika.

"Ninaomba taarifa," akasoma, kidole kikifuata mistari, "kutoka kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kilimo na Mazingira, kuhusu sera ya serikali juu ya chakula, kilimo, mafuriko na utunzaji wa mazingira katika wadi ya Eshikombero."

"Hapo kwa sera umeniacha," Zeituni akasema. Alikuwa anasonga obusuma, ugali wa kwao, na mwiko haukusimama. "Sema mfereji. Mfereji kila mtu anaujua."

"Mfereji uko chini hapa, nitaufikia. Bunge linaanzianga mbali, Mama Umar. Ukianza na mfereji wanasema wewe ni wa kijijini."

"Kwani wewe ni wa wapi?"

Wakacheka wote wawili. Jikoni hiyo, nyumba ndogo ya udongo nyuma ya nyumba kubwa, ndiyo ilikuwa makao ya Zeituni tangu mwezi wa kumi na moja. Mvua ya El Nino ilipomwagika, mto Nzoia ulikuja moja kwa moja kupitia ule mfereji, ukaingia nyumbani kwake alfajiri kabla ya adhana, ukachukua ghala la mahindi, robo ekari ya miwa na ukuta mmoja mzima. Alifika kwa Jescah amebeba mjukuu mmoja mgongoni, mwingine amemshika mkono, na mbuzi nyuma. Hakubisha hodi. Jescah naye hakumuuliza kitu. Alitoa sufuria mbili mpya ambazo hazijawahi kupika nyama ya nyumba ya Kikristo, akaziweka kando ya figa, na tangu siku hiyo hizo zikawa sufuria za Zeituni.

Mashamba kama la Zeituni yaliyoharibiwa yalikuwa mengi, lakini Jescah alipokuwa akiwaza juu ya mafuriko aliona lile moja. Alikuwa amemwahidi mbele ya akina mama wote, siku ya kugawana nguo kanisani: mfereji utazibwa kabla ya mvua ya mwezi wa nne, na Zeituni atapanda mahindi shambani mwake mwenyewe. Sasa ulikuwa mwisho wa mwezi wa pili. Mwenye shamba asipopanda mwezi wa nne, mwaka mzima anakula kwa watu.

Jescah hakuzaliwa kwa watu wakubwa. Kwao ni upande wa Mukumu, mtoto wa nne kati ya tisa, baba akikata miwa ya wengine kwa panga lake mwenyewe. Alimaliza darasa la saba akitamani sana kuwa muuguzi kama masista wa misheni, lakini karo ilikwenda kwa kaka zake, naye akaolewa Matungu na Osiako, mwanamume mpole mwenye ekari tatu za miwa. Lori za miwa zilipoacha kuja, na miwa ikasimama shambani mpaka ikatoa maua, Jescah aling'oa ekari moja kwa jembe, akapanda sukuma wiki na kunde, akauza Matungu sokoni. Akachaguliwa kuongoza akina mama wa kanisa. Kwa miaka kumi na mmoja, mtu akifiwa, yeye ndiye aliyejua hema liko wapi, nani ana sufuria kubwa, na nani alikosana na nani asiwekwe zamu moja naye kwenye kuchota maji. Mwaka wa 2022 watu waliposema asimame, alidhani wanamtania. Hakuwa na mabango. Alikuwa amepika kwenye matanga ya karibu kila boma, na boma hizo zilimpigia kura.

Kwenye bunge la kaunti walimwita Mama Kanisa. Hakujali. Zile Kanuni za Kudumu, kitabu kinene ambacho wabunge wenzake walikiacha kwenye magari yao, alikisoma sura moja kila asubuhi baada ya Zaburi, kwa kamusi. Alipenda kuona kwamba hata Spika ana kitu kilichoandikwa kinachomshika mkono.

Basi alilipeleka swali kwa karani, na baada ya wiki moja Philemon Wekesa, mwenyekiti wa ile kamati, akamwita mkahawani. Alikuwa ameshaagiza chai na mandazi.

"Dada Jescah, majibu ya wizara yamekuja."

"Mungu asifiwe. Yanasemaje?"

"Kula kwanza."

"Nimekula nyumbani."

"Kula tena. Haya si maneno ya tumbo tupu."

Jescah akashika andazi, hakuliuma. Philemon akasukuma bahasha mezani.

Jibu lilikuwa la kurasa mbili. Lilisema kinamasi cha Eshikombero kilikaushwa mwaka wa 2021 kwa ajili ya mradi wa mpunga, ili watu wapate chakula. Lilisema mfereji ulichimbwa kwa kufuata sheria zote za mazingira. Lilisema wananchi walishirikishwa wakakubali, na majina yao mia mbili na kumi na manne yameambatishwa.

Jescah akafunua. Juu ya ukurasa kulikuwa na maneno yaliyopigwa chapa vizuri: *Sisi wakazi tunakubali kukaushwa kwa kinamasi na kuchimbwa kwa mfereji.* Chini yake yalikuja majina, na majina hayo yaliandikwa kwa mkono wake. Hakuhitaji kuuliza. Ile Z yenye mstari katikati alifundishwa na mwalimu wake wa darasa la pili, na hajawahi kuiona kwa mtu mwingine Matungu nzima. Jina la kwanza: Jescah Osiako, kiongozi wa akina mama. Jina la thelathini na saba: Zeituni Yakub, na kando yake alama ya kidole gumba.

Alikumbuka yote, mpaka rangi ya soda.

Jumapili moja afisa wa mradi alikuja kanisani. Aliitwa Elvis, kijana mwenye koti zuri na gari la nambari za serikali. Akasalimia kwa heshima, akasema kutakuwa na mkutano wa kilimo, na wizara italeta mkate na soda, kwa hiyo wanahitaji kujua watu ni wangapi. "Mama, wewe unajulikana. Nisaidie na majina." Akampa karatasi zenye mistari. Sehemu ya juu ilikuwa wazi. "Hapo nitapiga chapa baadaye, mwandiko wangu ni mbaya."

Huku kwetu hakuna anayeogopa orodha. Kuna orodha ya neti za mbu, orodha ya mbegu, orodha ya mchango wa matanga, orodha ya wageni wa harusi. Karatasi ikipita, mtu anaandika jina kwanza, anauliza baadaye, kwa sababu anayeuliza kwanza ndiye mkate unamwishia. Jescah aliandika majina ya kanisa zima Jumapili hiyo. Na kwa kuwa hakutaka Waislamu wakose, Ijumaa akaenda akasimama nje ya msikiti mpaka wakatoka.

Zeituni alikuwa kwenye meza yake ya kuuzia nyoyo pale njiani, mikono imejaa yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha.

"Asalaam aleikum, Mama Umar. Mkate na soda Jumatano. Nikuandike?"

"Waleikum salaam. Andika tu, si unanijua."

"Weka na kidole."

"Hii mikono yangu?"

Jescah akampangusa kidole kwa leso yake mwenyewe, akakishika, akakikandamiza kwenye wino, akakikandamiza kwenye karatasi. Wino ukabaki kwenye leso na walicheka, kwa sababu leso ilikuwa ya Pasaka.

Mpunga ulivunwa mara moja, ukapigwa picha. Halafu pampu zikaharibika na hakuna aliyekuja kuzitengeneza. Zamani mto ukifura, maji yaliingia kwenye mafunjo ya kinamasi, yakalala humo wiki mbili tatu, yakaondoka bila kusumbua mtu. Mafunjo yalikuwa yamekatwa. Ulibaki mfereji, mnyoofu, kutoka mtoni hadi mashambani.

"Sikiliza," Philemon alisema. Alishusha sauti, na uso wake haukuwa uso wa mtu mbaya. "Ulipika kwenye matanga ya mama yangu siku tatu, sijasahau. Ndiyo maana nakuonyesha kabla. Alhamisi liondoe swali. Sema umezungumza na wizara ukaridhika. Kuna magunia ya mahindi na mablanketi tayari, yatakuja Eshikombero, utagawa kwa mkono wako. Ukikataa, itanibidi nisome. Na nikisoma, jina lako linaingia kwenye Hansadi."

"Na mfereji?"

"Mfereji utabaki, dada. Wananchi waliukubali."

Jumatano mchana Jescah aliingia kanisani peke yake akapiga magoti. Aliomba aonyeshwe njia ya tatu. Alingoja mpaka magoti yakafa ganzi, na njia zikabaki mbili zile zile. Nyumbani alimwambia mumewe, kwa kuwa Zeituni hakuweza kumwambia.

"Chukua mahindi," Osiako akasema. "Watu wana njaa leo."

"Na mwezi wa nne?"

"Mwezi wa nne utachukua mahindi tena."

"Na mwaka ujao?"

"Jescah, mimi si serikali. Usiniulize kama unauliza serikali."

Asubuhi ya Alhamisi Zeituni alimpigia pasi leso ya kujitupia mabegani. "Sema na mfereji," alimkumbusha mlangoni. "Hiyo sera waachie wao." Jescah akaitikia kwa kichwa, akaenda kupanda gari la Kakamega.

Bungeni Philemon alisoma majibu polepole, kama mtu anayevuka daraja la mbao. Alipofika pale pa majina alinyamaza, akamtazama Jescah upande wa pili. Alikuwa anampa nafasi ya mwisho. Jescah akasimama.

"Mheshimiwa Spika, sijaridhika na jibu."

"Endelea, Mheshimiwa."

"Orodha hiyo niliandika mimi. Huo ni mwandiko wangu. Lakini nilipoiandika, juu hapakuwa na neno hata moja. Watu hawa hawakukubali mfereji. Waliandikisha majina wapate mkate na soda. Wengine hawajui kusoma, niliwashika vidole mimi mwenyewe. Naomba bunge hili liseme orodha hiyo si kitu, na mfereji uzibwe kabla ya mvua."

Halafu akasimama Wanyama, mbunge wa wadi ya mbali, aliyependa kuonekana kwenye televisheni.

"Hoja ya nidhamu, Mheshimiwa Spika. Nataka nielewe. Mheshimiwa anatuambia yeye aliuza kinamasi kwa soda?"

Bunge likaangua kicheko. Mtu wa viti vya nyuma akauliza, "Soda gani?"

"Ya machungwa," Jescah akajibu.

Alijibu kwa sababu aliulizwa. Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na hata karani aliinamisha kichwa. Jescah alibaki amesimama, mikono imeshika ncha za leso, akingoja wamalize. Alifikiri watamaliza halafu watasikia.

Spika hakucheka. Alipiga meza, akafungua kile kitabu kinene. Akasema bunge limesikia kwa masikitiko. Akasema, hata hivyo, kwa kuwa Mheshimiwa ametamka mwenyewe kwamba alishiriki katika jambo hili, ana maslahi ndani yake, na kanuni haimruhusu kuliendesha tena humu. Kamati italichunguza. Yeye anaweza kuitwa kama shahidi. Ripoti iletwe baada ya siku tisini.

Kanuni hiyo Jescah aliijua. Aliisoma mwaka wa kwanza, mwezi wa Pasaka, akaipigia mstari kwa kalamu nyekundu na kushukuru kwamba wezi wameandikiwa sheria.

Swali lililofuata lilikuwa la taa za barabarani.

Philemon alimfuata ukumbini. "Ungenyamaza ningekusaidia."

"Najua," akasema. "Ungenisaidia mimi."

Alitaka kufika nyumbani kabla redio haijatangaza. Alimkuta Zeituni amekaa kwenye mkeka, anachambua mbegu za mahindi, zilizotobolewa na fukusi kando, nzima kwenye bakuli.

"Umerudi mapema. Walisemaje?"

Jescah alisema yote akiwa mlangoni, bila kukaa. Alisema Elvis, alisema karatasi, alisema maneno yaliyopigwa chapa juu. Zeituni hakuinua kichwa, ila mikono ilisimama.

"Kidole changu kiko hapo?"

"Kiko. Nambari thelathini na saba."

"Ulijua ni ya mfereji?"

"Sikujua. Mungu ni shahidi wangu."

"Uliuliza?"

"Sikuuliza."

"Mimi sikuuliza kwa sababu karatasi ilishikwa na wewe," Zeituni akasema. "Wewe hukuuliza kwa sababu ya nani?"

Mbuzi alilia nje, mjukuu akamfokea. Jescah alitafuta jibu la kweli, akalipata, akaona aibu kulitamka: kwa sababu ya koti. Kwa sababu kijana mwenye gari la serikali alimwita Mama mbele ya kanisa zima, na yeye akaona ameheshimiwa.

"Na mfereji?" Zeituni akauliza.

"Kamati imepewa siku tisini."

Zeituni akahesabu kwa vidole, taratibu, pamoja na kile kidole gumba. "Mwezi wa sita."

"Mwezi wa sita."

"Maji yatakuwa yamekuja yakarudi." Akafunika bakuli la mbegu kwa sahani. "Kesho nitaenda kwa ndugu yangu Mautuma. Ramadhani imekaribia, nitafungia huko."

"Zeituni, kaa. Jikoni ni yako. Sikukuambia haya ili uende."

"Nimekaa miezi mitatu na zaidi nikila kwako na kukuombea dua. Nikikaa sasa nitakula kwako nikikukasirikia. Hicho chakula hakitashuka, Mheshimiwa."

Hajawahi kumwita Mheshimiwa hata siku moja.

Asubuhi Umar, mwanawe, alikuja na pikapu. Walipakia mabati yaliyookolewa, godoro, mbuzi na watoto. Zile sufuria mbili Zeituni alikuwa amezisugua kwa majivu mpaka zinang'aa, akaziacha kando ya figa. Jescah alizibeba mbio hadi kwenye gari. Zeituni alizipokea, akazirudisha mikononi mwake bila hasira. "Atakuja mwingine kuzihitaji," akasema.

Mahindi ya wizara yalikwenda wadi ya jirani. Jumapili hiyo akina mama walikutana baada ya ibada, na Jescah alidhani watazungumza habari ya mfereji. Walizungumza habari ya mablanketi. Jirani yake Maximilla, ambaye walikaa benchi moja miaka yote hiyo, ndiye aliyesimama.

"Sisi hatukatai kwamba ulisema ukweli. Tunauliza tu, ungeusema baada ya mahindi kufika, ungeharibika?"

Hakuna aliyecheka. Wengine waliitikia kwa pumzi. Wakafunga kwa sala, na Jescah ndiye aliyeombwa aiongoze.

Mvua ilianza kabla Machi haijaisha. Mwezi wa nne mto ulipita mfereji kama mtu anayejua njia ya kwake, ukachukua mashamba kumi na mawili juu ya yale ya Novemba. Jescah alizunguka na gambuti miguuni, akaandika majina ya waliopoteza. Walimtazama akiandika. Mzee mmoja, kabla ya kutaja lake, aliomba karatasi, akaisoma juu, akaigeuza akasoma na nyuma.

Ripoti ya kamati ilitoka Juni, siku tisini na nne. Jescah aliisoma kwenye benchi nje ya ukumbi. Kamati iliwapa pole waathiriwa. Kamati ilisema wizara itafute fedha za kukarabati pampu. Kuhusu wananchi kushirikishwa, kamati haikuona kasoro, kwani orodha ni halali na haikughushiwa, *kama Mheshimiwa mwenyewe alivyothibitisha mbele ya bunge kwamba aliiandika kwa mkono wake.*

Aliisoma sentensi hiyo mara tatu. Hakukuwa na uongo ndani yake. Hilo ndilo lililomchoma.

Alimpigia Zeituni simu Mautuma. Walisalimiana vizuri, wakaulizana watoto, wakaulizana mvua. Halafu Jescah akamsomea ripoti, kuanzia kichwa chake hadi sahihi za chini, bila kuruka kitu, na penye jina lake hakushusha sauti. Zeituni alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia," akasema. "Na shamba langu?"

"Lina maji bado. Nilipita jana." Jescah akasita. "Mafunjo yameanza kuota katikati, pale ulipokuwa unapanda mahindi. Nilitaka kuleta watu wayang'oe."

"Yaache," Zeituni akasema. "Usikate kitu kingine."